Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Wales: orodha ya majina haitoshi

Mheshimiwa Waziri,

YAH: WACHIMBAJI WA WALES KATIKA VITA VYA HISPANIA, 1936–1939

Mtaala ulioanza 2022 umezipa shule nafasi ya kufundisha historia ya maeneo yao. Tunaomba uandaliwe mwongozo wa walimu, si orodha ya majina tu, kuhusu watu takriban 170 waliotoka Wales kwenda kuitetea Jamhuri ya Hispania dhidi ya wanajeshi walioasi chini ya Jenerali Franco. Wengi walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe, na zaidi ya 30 hawakurudi.

Wanafunzi waelezwe watu hawa walifikaje huko. Januari 1937 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba kujiunga na vita hivyo ni kosa kwa sheria ya 1870 iliyokataza raia kupigana katika majeshi ya kigeni, adhabu yake hadi miaka miwili jela. Wengi wakakata tiketi ya wikiendi ya London hadi Paris, kwa kuwa haikudai pasipoti, kisha treni ya kusini. Ufaransa ilipofunga mpaka Februari, ikabaki kuvuka milima ya Pyrenees usiku kwa miguu, wamevaa viatu vya turubai vyenye soli za kamba visivyolia juu ya mawe. Mwenye vumbi la mgodini kifuani, mlima ule ulikuwa adhabu.

Tafadhali, isiandikwe kwamba walikimbia njaa tu. Kazi zilikuwa adimu kweli, lakini wengi walikuwa wanachama hodari wa chama cha wachimbaji, na baadhi walishatembea hadi London katika maandamano ya njaa, yaani ya wasio na kazi.

Vita navyo visipambwe. Tarehe 12 Februari 1937, bonde la Jarama karibu na Madrid, batalioni ya Waingereza waliojitolea, wakiwemo watu wa Wales, iliingia na watu kama 600. Siku tatu baadaye walibaki kama 225. Siku ya kwanza rashasha zilikaa kimya kwa saa kadhaa: mikanda yake ya risasi ilikuwa imejazwa risasi za aina nyingine.

Kwa utafiti wa darasani, waanze na kijiji na mgodi. Mabonde yale yamejaa akina Jones, Davies na Evans; ukifuata jina peke yake, watu watatu wanageuka mmoja. Kisha walinganishe na kumbukumbu za chama zilizoko Chuo Kikuu cha Swansea, na orodha ya idara ya usalama ya Uingereza iliyoko Kew, London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Shule za karibu na Caerleon ziongeze Cambria House, nyumba walikotunzwa watoto wa Kibaski, wakimbizi wa vita hivyo kutoka kaskazini mwa Hispania, waliofika 1937, wachimbaji wakichangia gharama.

Mwongozo utoke kwa Kiwelisi na Kiingereza siku moja.

Wako,
Watafiti wa historia ya migodi