Kibali kikiondolewa, rufani zilizofutwa zirudi mezani

Mhariri,

Juma lililopita msomaji mwenzangu alipendekeza hapa kwamba shirika la umma lisiende Bodi ya Rufani za Kodi kubishana na Mamlaka ya Mapato (TRA) mpaka lipewe kibali na serikali. Kwake, pesa ni za mfuko mmoja, na ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Namwelewa. Katika miaka 27 ya uhasibu nimeshakaa meza ambayo mawakili wa kulia na wa kushoto wote wanalipwa na Hazina.

Ila India walishalijaribu hilo. Nilisoma Pune, na niliyekuwa nakaa naye dawati moja aliajiriwa kampuni ya umma ya huko, kwa hiyo kisa hiki nimekipata kwa simu, kipande kipande. Mwaka 1991, katika kesi ya shirika la mafuta la ONGC na idara ya ushuru, Mahakama ya Juu iliagiza serikali iunde kamati ya kusuluhisha migogoro ya namna hiyo. Pasipo kibali cha kamati, mahakama na mabaraza yasiendelee na shauri. Nia ilikuwa njema. Ikafika Februari 17, 2011, majaji watano wakiongozwa na Jaji Mkuu S. H. Kapadia wakaufuta utaratibu wote: mashauri yanachelewa, na kwa mambo yaleyale huyu anapewa kibali, yule ananyimwa.

Hapo ndipo simu ya rafiki yangu ilipopamba moto. Rufani ya kodi ya mapato ya kampuni yake ilikuwa imefutwa na baraza la rufani za kodi mwaka 2006, si kwa kukosa hoja bali kwa kukosa karatasi ya kamati. Sasa karatasi yenyewe haitakiwi tena. Je, rufani inafufuka? Baraza lilikuwa na miaka minne tu ya kurekebisha uamuzi wake, na ilikuwa imeshapita. Kilichomwokoa ni mstari mmoja mwishoni mwa ule uamuzi wa 2006: mrufani akipata kibali anaweza kuomba shauri lirejeshwe. Kwa kuwa kibali chenyewe kimefutwa, mlango uko wazi, baraza likakubali. Kabatini alikuwa na faili la pili lisilo na mstari huo. Mabishano ya kulirejesha yalikula muda kuliko ambavyo kodi yenyewe ingekula.

Mstari mmoja, Mhariri! Aliyeuandika pengine aliuandika kwa mazoea tu.

Kwa hiyo kama pendekezo la msomaji mwenzangu litafika Bungeni (mimi nisingelipeleka), rufani inayosubiri kibali isimamishwe, isifutwe. Na siku kibali kitakapoondolewa, sheria itamke kwamba waliokwama mlangoni wanarudi, na siku za kuomba zihesabiwe tangu mlango ulipofunguliwa, si tangu walipofukuzwa.

Wala tusidhani ni habari za Wahindi. Mlango wetu tunao. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015, pingamizi dhidi ya makadirio ya TRA halipokelewi mpaka mlipakodi alipe theluthi moja ya kodi aliyokadiriwa au kiasi asichokibishia, kipi ni kikubwa, isipokuwa Kamishna Mkuu wa TRA akubali kupunguza au kusamehe. Nilipokuwa kazini, jioni nyingi za mwisho wa mwezi zimeishia kwenye hesabu ya theluthi hiyo, tukiitafuta benki huku siku 30 za kuweka pingamizi zinayoyoma. Tuseme Sheria ya Fedha ya mwaka fulani inaishusha iwe robo kuanzia Julai 1. Mwenye duka ambaye pingamizi lake lilikataliwa Juni 28 kwa kukosa theluthi, naye robo anayo mkononi, aende wapi?

Swali hilo nimewauliza wanasheria wawili hapa mjini. Mmoja alisema atume maombi ya kuongezewa muda. Wa pili alicheka, akaniagizia chai.

Mhasibu mstaafu,
Kihonda, Morogoro