Mama akipoteza mimba msimuulize alikula nini

Ndugu mhariri, habari za kazi. Naandika kuhusu hizi makala za afya zinazotoka kwenye magazeti, na lako limo, zile zinazosema mjamzito akila vizuri mimba haiharibiki. Nia ni nzuri sikatai, lakini zisome kama mwanamke aliyetoka hospitali wiki iliyopita na mimba yake hana tena, unachosikia pale ni kwamba mwanao umemuua kwa mdomo wako mwenyewe. Na sio kweli, jamani tuseme wazi.

Kati ya mimba 100 ambazo mama ameshajua anazo, kama 10 mpaka 20 zinaharibika, na nyingi sana zinatoka kabla ya wiki ya 12. Hizi za mwanzoni karibu nusu au hata zaidi shida yake ni kromosomu, vile vifurushi vya urithi ndani ya seli, yaani yai na mbegu vinapotengenezwa au vinapokutana hesabu yake inakosewa, inazidi moja au inapungua moja, mtoto anashindwa kuendelea kukua. Hapo mama hata angekula mlo uliopangwa na daktari bingwa asingeiokoa ile mimba, na wala hajafanya kosa lolote.

Nimekaa na dada mmoja, mtu wangu wa karibu kabisa, siku chache baada ya kutoka hospitali. Kwenye simu yake ameandika kila kitu alichokula ile wiki, vipande viwili vya nanasi, soda, chakula cha jana alichopasha, na mbele ya kila kimoja kaweka alama ya kuuliza. Mama mkwe aliuliza mara moja tu, tena kwa upole, "kwani ulikula nini mwanangu?", ikatosha, usingizi ukamruka. Vipande viwili vya nanasi havitoi mimba! Lakini nani amwambie, karatasi aliyopewa hospitali ina dawa za maumivu na tarehe ya kurudi basi.

Sasa sio kwamba chakula hakina kazi, kina kazi kubwa sana, ila kazi yenyewe inaanza mapema kuliko tunavyodhani. Chukua foliki asidi, ile vitamini ya kundi B. Ule mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unajifunga mnamo siku ya 28 tangu mimba itungwe, na siku hiyo mama wengi ndo kwanza wanashangaa mbona hedhi imechelewa, wengine hata hawajapima. Alafu anaenda kliniki mimba ina miezi minne anapewa vidonge anaambiwa ameza kila siku, sawa ameze, damu inahitaji, lakini kwa ule mfereji muda umeshapita. Ndo maana WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema mikrogramu 400 kwa siku kuanzia pale mtu anapoanza kutafuta mimba mpaka wiki ya 12. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 1991, kwa akina mama waliokuwa wameshawahi kupata mimba ambayo mfereji huo wa mtoto haukujifunga vizuri, ulionyesha foliki asidi ya dozi kubwa inapunguza kujirudia kwa asilimia 72. Hiyo ni habari ya kuandika ukurasa wa mbele kabisa. Ila msiiuze kama dawa ya kuzuia mimba kutoka, maana tafiti za vitamini zikiwekwa pamoja hazijaonyesha wazi kwamba kumeza vidonge peke yake kunazuia.

Yapo mambo ya mlo na mwili ambayo kweli yanaongeza hatari na hayo ndo tuandikiwe vizuri. Kisukari kisichodhibitiwa kabla ya mimba, uzito mkubwa sana au mdogo sana, pombe, sigara (na moshi wa mume ndani ya nyumba nao umo), maziwa yasiyochemshwa na nyama isiyoiva vizuri kwasababu ya vijidudu kama listeria na toksoplasma. Kahawa pia, WHO wanashauri mama anayekunywa kafeini zaidi ya miligramu 300 kwa siku apunguze, na kikombe kimoja kikali kinaweza kubeba 100 au zaidi, kwahiyo kikombe kimoja cha asubuhi kisimtoe mtu machozi. Na vitamini A ya dozi kubwa, mtu asijinunulie tu akidhani vitamini zikizidi ndo afya zaidi, ikizidi sana inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kitu kingine kinaniuma, zile makala zinamsema mama peke yake as if yeye ndo mwenye hela yote ya chakula. Mayai, kunde, mboga za majani, nyama, vinanunuliwa na pesa ya nyumba nzima na mume ana sauti pale, na kromosomu nazo zinaweza kukosewa kwenye mbegu ya baba vilevile. Mbona yeye haulizwi alikula nini?

Na mimba zikitoka mara mbili tatu mfululizo huyo sio wa kutumiwa ushauri wa matunda, apimwe, kuna tezi ya shingo, kisukari, umbo la kizazi, na kuna ugonjwa wa damu kuganda ambao una matibabu na wengi wanakuja kujifungua salama.

Kwahiyo mhariri ombi langu ni dogo. Makala ijayo ya lishe ya mjamzito iandikwe kwa wanaotarajia kushika mimba, waume wakiwemo, waambiwe foliki asidi inaanza lini na wapime sukari na damu kabla. Na kwenye makala hiyohiyo mtenge aya moja kwa aliyepoteza, imwambie kwamba mara nyingi haikuwa chakula, na akitokwa damu nyingi, akipata homa au maumivu makali arudi hospitali siku hiyohiyo.

Msomaji wako wa siku zote