Shetani wa Hawthorne hana pembe

Ndugu Mhariri,

Makosa ya herufi nimeyavumilia, picha zenye maelezo ya watu wengine nimezivumilia, na miaka yote hiyo sikuwahi kuwaandikia. Ila ukurasa wenu wa fasihi wa Jumapili iliyopita umenishinda.

Mwandishi wenu kaisimulia "Young Goodman Brown", hadithi ya Mmarekani Nathaniel Hawthorne ya mwaka 1835, ya kijana Brown wa Salem anayemwacha mkewe usiku, akaingia msituni na Shetani na kuwakuta majirani zake, hata mkewe, kwenye mkutano wa wachawi; kisha mwandishi wenu akaifunga kwa kutwambia kijana "aliamka, kumbe ilikuwa ndoto tu". Nani kamwambia? Hawthorne anauliza kama Brown alisinzia mle msituni, halafu anamwachia msomaji: ukitaka iwe ndoto, haya, iwe. Asubuhi Brown anarudi kijijini, mkewe Faith anamkimbilia kwa furaha na riboni zake za waridi, naye anampita bila hata salamu. Anabaki kanuna hivyo hivyo mpaka kaburini.

Na ule mchoro! Pembe, mkia, macho mekundu kama nyanya. Shetani wa hadithi ile ni mtu mzima wa miaka 50 hivi, kavaa kawaida, kafanana na Brown hata ungedhani ni baba na mwana. Cha ajabu alicho nacho ni bakora tu, mfano wa joka jeusi, na katika mwanga hafifu wa jioni ni kama inajinyonganyonga. Anazungumza kwa upole, kama jamaa wa karibu. Anamwambia kijana: babu yako alipomcharaza viboko mwanamke wa madhehebu ya Quaker katika mitaa ya Salem, mimi nilimsaidia. Hapo Hawthorne anawasema wazee wake mwenyewe! William Hathorne, hakimu, ndiye aliyeamuru viboko vya namna hiyo, na mwanawe John alikuwa miongoni mwa mahakimu wa kesi za uchawi za Salem za mwaka 1692, watu 19 wakanyongwa. Na ushahidi wenyewe? Mtu anasimama mahakamani anasema kivuli cha fulani kilinijia usiku kikanikaba, na karani anaandika. Watu wametiwa kitanzi kwa njozi za wenzao, ninyi mnatuandikia "ndoto tu".

Sasa hasara imenifika mimi. Mzazi mmoja kaja kwenye masomo yangu ya jioni, gazeti lenu kalikunja kwapani. Akalikunjua mbele ya wanafunzi, akaweka kidole juu ya zile pembe: "Mwalimu, ndiye huyu unayewasomesha watoto wetu?" Nikamfungulia ukurasa wa bakora. Hakuutazama. Nakala zangu, nilizotoa fotokopi kwa pesa zangu na kuzibana pini mwenyewe, leo zimo kabatini ofisini chini ya maboksi ya chaki, na funguo sinayo.

Tena anaandika Salem ni "kijiji cha kubuni". Salem ya Massachusetts! Merikebu zake zilikuwa zikitia nanga hapa Unguja kuleta vitambaa vya merikani na kupakia gundi ya sandarusi, na konseli wa kwanza wa Marekani hapa, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mtu wa huko huko. Hawthorne mwenyewe alifanya kazi katika forodha ya Salem kuanzia 1846 hadi 1849. Mkisema nafasi haikutosha kuyaeleza hayo, basi nusu ya chini ya ukurasa wa fasihi inafanya nini na mikeka ya kubeti?

Naomba hivi. Mchoraji wenu anyang'anywe rangi nyekundu, achore wazee wa kawaida wenye bakora mpaka mmoja wao atutishe. Na mwandishi akikuta hadithi imeishia kwenye swali, aiache na alama yake ya kuuliza. Nafasi ikibana, ondoeni mechi moja mkekani. Anzeni na ile ya daraja la pili Finland.

Mwalimu mstaafu,
Mkunazini, Zanzibar