Anayetaka kusikiliza treni anunue skana, sio redio koli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu na sioni mtu akilisema. Vijana wengi siku hizi wanavutiwa na kusikiliza mawasiliano ya treni, yaani dereva akiongea na kontroo, ofisi inayoongoza treni njiani, au wale wanaopanga mabehewa wakiongea na dereva wao, na mimi nawaunga mkono kabisa, ni starehe yangu ya miaka mingi. Shida inaanza wakiuliza wanunue nini. Jibu wanalopewa karibu kila mara ni chukua redio koli ya mkononi, bei yake ndogo kuliko skana, ile redio ya kupokea tu inayozunguka masafa mengi kutafuta sauti, masafa unaingiza mwenyewe na inasikia vilevile. Kusikia inasikia kweli, sibishi. Ila ina kitufe pembeni cha kuongea na skana haina. Hicho kitufe ndo kimenifanya niandike.

Usiku mmoja nilikuwa nimekaa na skana yangu, sauti nimeishusha, nasikiliza watu wanasukuma mabehewa kinyumenyume. Wakati wa kusukuma hivyo dereva yuko kwenye kichwa cha treni na mbele ya mwendo kote ni mabehewa, haoni kitu, macho yake ni yule mwenzake aliyeko kwenye behewa la mwisho kule au anayetembea pembeni na tochi. Huyo ndo anamhesabia umbali uliobaki, na wanahesabu kwa urefu wa behewa: kumi, sita, tatu, moja. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa, unajua tu huyu kazi hii kaifanya miaka. Akasema sita. Alafu badala ya tatu nikasikia mluzi. Mtu anapiga mluzi, nyuma yake kuna muziki, kama sekunde nane au kumi hivi, kisha kicheko, kikakatika. Nilikuwa nimeshika skana kwa mikono miwili utadhani ningeweza kuwaambia kitu. Kimya. Ndo nikamsikia dereva: "Nimesimama. Nimesimama, sijakupata baada ya sita."

Kwa nini alisimama wakati hakuna aliyemwambia simama? Hapo ndo mtu anayejifunza kusikiliza anatakiwa apaelewe vizuri. Kwa Marekani hili limeandikwa kabisa kwenye kanuni za serikali za redio za reli: dereva anayesukuma kwa maelekezo ya redio akishaambiwa umbali fulani, na neno lingine lisije, lazima awe amesimama ndani ya nusu ya umbali uliobaki. Ukiambiwa sita na usisikie kitu, ukifika tatu uwe umeshasimama. Kimya chenyewe ni amri. Ukisikiliza kwa mara ya kwanza unaweza kudhani wale jamaa wanahesabu-hesabu kwa mazoea tu, kumbe kila namba wanayotaja ni ruhusa mpya ya kusogea, na ikikosekana hiyo namba mambo yote yanasimama.

Sasa fikiria yule wa mluzi angetamka maneno. Angesema tu "njoo, njoo" kwa sauti inayofanana fanana. Sipendi hata kuliwaza hilo.

Na msiniambie kwamba sauti ya mtu wa pembeni haiwezi kufunika ya mfanyakazi. Redio za treni zinazosikika kwa skana ya kawaida nyingi ni FM ya analojia, na FM ina tabia moja mbaya, mawimbi mawili yakikutana kwenye masafa yaleyale linasikika lile lenye nguvu na lile dogo linafutika, hata hujui kama lilikuwepo. Yule aliye kule nyuma ana redio ndogo ya kiunoni na kati yake na dereva pamejaa vyuma vya mabehewa. We uko dirishani karibu na reli na redio yako ya wati tano, unashinda wewe. Wengi wala hawana nia mbaya, mtu anaikalia redio kwenye kiti, kitufe kinabonyea, anaziba chaneli nzima huku anaangalia tivii. Najua pia kwamba redio nyingi za aina hiyo unaweza kuzifunga zisirushe, wenye nazo wananijibu hivyo kila siku. Sawa, umeifunga. Betri ikiisha ukaiweka upya je? Mtoto akiichezea? Ukija kuiuza, aliyeinunua anajua ulichofunga?

Kwa anayeona nakuza mambo, akumbuke Polandi mwezi Agosti 2023. Kule reli zilikuwa na mlio maalumu wa redio wa kusimamisha treni zote zilizo karibu, milio mitatu tu mfululizo kwenye masafa ya kama megahezi 150, haina nywila wala usimbaji wowote, yaani haikufichwa kwa siri yoyote. Mtu akairusha, treni kama 20 hivi zikajisimamia kaskazini-magharibi mwa nchi. Hakuna aliyeumia, na ni kwa sababu mlio ule kazi yake ni kusimamisha tu. Redio koli ndogo ilitosha kabisa kwa kazi ile.

Linaloniuma ni kwamba kusikiliza peke yake kuna utamu wa kutosha, hakuna haja ya kuongea. Marekani na Kanada masafa ya reli yako sehemu moja nzuri, kuanzia megahezi 160.215 mpaka 161.565, ukiiambia skana izunguke hapo unapata karibu kila kitu. Utasikia mtu wa kontroo anasoma ruhusa ya njia polepole, huyu wa kwenye treni anaandika kisha anamrudishia neno kwa neno, ndipo kontroo anathibitisha na kutaja saa. Kabla ya hapo ruhusa haijawa ruhusa. Na aliyeshika usukani wa treni inayotembea haruhusiwi kuiandika mwenyewe, lazima aandike mwenzake au wasimame. Mi nikisikia namba imekosewa ikarudiwa mpaka ikakaa sawa huwa natulia kabisa, naona hawa watu wanachungana.

Alafu kuna zile mashine za pembeni mwa reli zinazoongea zenyewe. Treni ikipita hapo zinapima joto la beringi za magurudumu kwa miale ya infraredi, zinaangalia kama kuna kitu kinaburuzwa chini, kisha sauti ya mashine inasema hewani iko maili ya ngapi, imehesabu ekseli ngapi, na kwamba hakuna hitilafu. Mara ya kwanza niliposikia ile sauti kavu inataja idadi ya ekseli nilitoka nje na kweli dakika chache baadaye treni ikatokea. Tangu ajali ya East Palestine kule Ohio, Februari 3, 2023, siisikilizi tena kama mchezo. Beringi moja ilipimwa kwenye mashine tatu: ya kwanza ilikuta imezidi joto la hewa kwa nyuzi 21 hivi za Selsiasi, maili 10 mbele ilikuwa imezidi kwa 57, maili 20 mbele tena kwa 141, na ile ya tatu ndo iliyopiga kengele kwa wafanyakazi. Walikuwa tayari wanapunguza mwendo, wakaanza kusimama. Mabehewa 38 yakaacha njia, mengine yana kemikali. Sasa ukikaa unasikia "hakuna hitilafu, hakuna hitilafu" usiku kucha unajua hilo neno lina uzito gani.

Kuna na kale kamlio ka kifaa cha mkia wa treni, kwenye megahezi 457.9375. Kinatuma mbele presha ya hewa ya breki iliyofika behewa la mwisho, na masikioni ni kama mkwaruzo mfupi tu, huelewi kitu. Lakini nguvu yake ni ndogo, kwa hiyo ukiusikia tu ujue treni iko karibu nawe. Wenye uzoefu wanautumia kama kengele ya mlangoni.

Kwa hiyo nunua kifaa kinachopokea tu. Kama skana ni ghali, kuna vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye kompyuta vyenye programu za bure, navyo havirushi chochote, na bei iko chini. Hela itakayobaki iweke kwenye antena, maana kile kijiti kifupi cha mpira kinachokuja na skana ni dhaifu sana, waya ulionyooka wa sentimita 46 hivi unalingana na robo ya wimbi la masafa haya, ukiuinua juu ya paa utashangaa. Na kabla ya kununua chochote uliza sheria ya ulipo. Marekani kusikiliza reli kwa ujumla ni ruhusa ila kueneza au kujinufaisha na ulichosikia sheria imebana tangu 1934, na baadhi ya majimbo yana masharti ya skana ndani ya gari. Uingereza kusikiliza kwa makusudi mawasiliano yasiyokuhusu ni kosa kwa sheria ya 2006. Na sehemu kubwa ya Ulaya imehamia mtambo wa kidijitali uliosimbwa, skana inatoa mngurumo tu. Hawakuhama kwa sababu ya wapiga mluzi, hapana, walikuwa na sababu zao za kikazi, ila kila anayebonyeza kitufe anawapa wengine sababu ya kutufungia na sisi tuliokaa kimya.

Ombi langu kwako Mhariri, mkiandika habari za vifaa vya redio, hiki kitofauti kati ya kupokea na kurusha msikipite juu juu, kielezeni mwanzoni kabisa.

Usiku ule dereva aliuliza mara mbili, "Nani huyo kwenye chaneli?" Hakuna aliyejibu. Ikapita kama dakika nne, nadhani yule wa nyuma alikuwa anatembea kuangalia, maana aliporudi hewani alikuwa anahema. Akasema, "Haya, tuko salama, zimebaki tatu. Tatu." Dereva akarudisha, "Tatu." Ndo nikaanza kusikia mabehewa yakisogea.

Msikilizaji wa treni