Shavu la kichanga likivimba, tusikimbilie kusema ni matubwitubwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie ugonjwa unaotokea kwa nadra, lakini kila ukitokea hupewa jina lisilo lake. Kichanga wa wiki moja au mbili akivimba mbele ya sikio, wa kwanza kumwona husema ni matubwitubwi, na wa pili huitikia. Kumbe matubwitubwi ni nadra mno kwa umri huo, kwa kuwa kwa kawaida mtoto huzaliwa na kinga aliyoipata kwa mama yake. Mara nyingine uvimbe huo ni usaha ulio ndani ya tezi ya mate, na mwenye kuuleta aghalabu ni stafilokokasi, bakteria yule yule wa majipu.

Mimi ni muuguzi wa watoto wachanga. Shavu la mtoto wa namna hii huwa gumu na la moto, naye hulia likiguswa na kunyonya kwa shida. Wekundu, kwa ngozi nyeusi, si rahisi kuuona, na homa isitegemewe, maana wapo wasiokuwa nayo kabisa. Ushahidi umo kinywani: mtaalamu akilibonyeza shavu taratibu kuelekea mdomoni, huku akimulika ndani kwa tochi, huweza kuona tone la usaha likichomoza kwenye kitundu cha mfereji wa mate, mkabala na ufizi wa juu. Tone hilo hupelekwa maabara ili dawa isichaguliwe kwa kubahatisha.

Mate yakipungua, bakteria wa kinywani hupanda kupitia mfereji huo hadi kwenye tezi, na ndiyo sababu watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, na watoto waliopungukiwa na maji mwilini wamo hatarini zaidi. Tiba ni antibiotiki za mshipani, kwa kawaida siku 7 hadi 10, pamoja na kurudisha maji mwilini. Wachache tu hulazimika kupasuliwa ili usaha utoke.

Ubaya wa jina lile ni kwamba matubwitubwi husubiriwa yaishe yenyewe, ilhali bakteria hawa wakisubiriwa waweza kuingia kwenye damu. Kwa hiyo nawaomba wakunga na wauguzi wenzangu, wanapoagana na mama anayetoka wodini na kumweleza habari za kitovu na manjano, wamwambie pia kwamba shavu likivimba amrudishe mtoto siku hiyo hiyo.

Muuguzi wa watoto wachanga