Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu: Daftari bado liko mezani

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Assalaam alaykum. Mimi ni karani wa masjala hapa Pemba, mwaka wa 19 sasa.

Nimesoma kwenye ripoti yako kwamba mfumo wa kompyuta wa majalada ya ardhi umekwama kwa kuwa watumishi hawataki mabadiliko. Limeniuma neno hilo. Watumishi hao hao wanatumiana pesa kwa simu kila siku, na hakuna aliyewapeleka semina.

Mafunzo yalifanyika Unguja, siku mbili. Waliosafiri ni wakuu wa vitengo, ambao jalada huletewa mezani. Sisi tunaolitafuta tuliachiwa karatasi moja iliyorudufiwa, nusu yake wino umefifia, na nywila mbili kwa watu sita.

Yupo mwenzetu anayekaribia kustaafu. Ukimtajia shehia na jina la marehemu aliyepewa eka tatu baada ya Mapinduzi ya 1964, anakwenda rafuni moja kwa moja na kurudi na jalada huku chai yake haijapoa. Hakuna mtaalamu aliyemuuliza anatafutaje. Mfumo ukajengwa kwa namba, na mwananchi wetu namba haijui. Anakuja na jina la babu yake.

Palipovunjika kabisa ni hapa: hakuna kiongozi aliyetamka kwamba daftari la zamani limefungwa. Mkuu wetu akitaka barua, bado anauliza, "Daftarini imeandikwa?" Basi kila barua tukaiandika mara mbili, kwa kalamu kisha kwa kompyuta. Mwezi wa pili watu walipojaa dirishani, tukabaki na kalamu. Leo kompyuta mbili zimefunikwa kanga. Umeme usisingiziwe, tangu kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga ifike Pemba mwaka 2010, hatuko tena kwenye majenereta ya Wesha.

Profesa John Kotter wa Harvard, aliyeyafuatilia mashirika zaidi ya 100, aliandika mwaka 1995 kwamba mabadiliko huweza kuchukua miaka mitano hadi kumi kabla hayajazoeleka, na kwamba wengi huharibu kwa kutangaza ushindi mapema. Kwetu picha za uzinduzi zilipigwa wiki ya tatu. Tangu hapo hajarudi mtu kutuuliza tunaendeleaje.

Nasikia awamu ya pili inakuja na kompyuta mpya. Nakuomba, kabla haijanunuliwa hata moja, uje ukae masjala kutwa moja, bila msafara. Mkalishe huyo mwenzetu na mafundi wa mfumo kabla hajastaafu. Mteue mtu mmoja tutakayempigia mambo yakikwama, naye awe na mamlaka ya kuyakwamua. Kisha tutajie tarehe ya kulifunga daftari, na wakuu wote wawe wa kwanza kuifuata.

Siku hiyo nitalifunga kwa mkono wangu, mbele yako.

Wako mtiifu,
Karani wa masjala, Pemba