Risala ya Akina Mama Waponda Ubuyu wa Bonde la Yaeda kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi mlioambatana naye, wazee wetu, ndugu wanakijiji,

Awali ya yote tunamshukuru Mungu kwa kukufikisha salama. Barabara umeiona mwenyewe, leo hatutaizungumzia.

Kikundi chetu kilianza na wanachama 7, sasa tuko 19. Mafanikio ni makubwa mno: tumenunua mizani moja na ndoo nne zenye vifuniko, na kati ya miche 40 ya mbuyu tuliyootesha, 11 iko hai na inatia moyo.

Mheshimiwa, mbuyu kwetu Wahadzabe ni ghala. Unga mweupe wa tunda twaukoroga na maji, mbegu twaziponda juu ya jiwe. Asali nayo imo humo humo shinani. Vijana hupigilia vigingi, wakapanda hadi kwa nyuki. Hata mbegu zilizopita tumboni mwa nyani, bibi zetu waliziokota kwenye kinyesi, wakaziosha, wakazianika na kuziponda. Tafadhali usikunje uso. Wenzetu Wasani wa Kalahari, kule Namibia na Botswana, wana mti wao uitwao mongongo, nao huokota kokwa zake kwenye kinyesi cha tembo, maana tembo humeza tunda lakini ganda la kokwa humshinda. Wakishazichoma huzipasua kwa mawe, na kiini chake kina mafuta kweli kweli. Mwenye njaa na akili hatupi kokwa.

Shida yetu ni moja: mpaka. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde hili walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya ardhi. Nakala tunayo, imefungwa kwenye nailoni. Lakini ng'ombe hasomi hati. Mche wa mbuyu kwake ni jani kama majani mengine. Mibuyu mikubwa unaiona imesimama. Midogo ya kuirithi, itafute. Ng'ambo ya korongo mashamba yamesogea, mbuyu umebaki katikati ya mahindi, na mama anayekwenda kuokota ubuyu anaulizwa amefuata nini shambani kwa watu.

Mgeni rasmi wa kwanza alituahidi mawe ya mipaka ndani ya miezi mitatu. Tulimpigia makofi. Wa pili alileta wapimaji, wakachora alama ya X kwa rangi nyekundu kwenye mbuyu huu ulio nyuma yako. Ukigeuka utaona mstari mmoja. Mstari wa pili mvua imeshaufuta. Naye tulimpigia makofi. Wewe hatukulaumu, ndiyo kwanza umefika.

Tunaomba mawe 36 ya mipaka, gari la kuyabeba kwa siku mbili, na mpimaji mmoja aje na kifaa chake. Mchanga, maji na nguvu kazi ni juu yetu. Aya hii tumeinakili kutoka risala mbili zilizotangulia bila kubadilisha neno. Tungeomba pia, kama si usumbufu, utaje tarehe. "Hivi karibuni" na "mchakato unaendelea" tayari tunazo za kutosha.

Zawadi yako, asali lita moja na ubuyu kilo mbili, iko kwa katibu pamoja na nakala za risala zote tatu. Sasa tunakukaribisha uzindue mizani.

Tunaomba kuwasilisha.